Gemu ya kutisha isiyotisha: kutafuta chanzo, dalili kwa dalili

Gemu ikishindwa kutisha, fundi wengi hukimbilia zimwi. Wanaliongezea meno, wanaliongezea damu, wanapandisha mlio wake, na mchezaji anaendelea kutafuna njugu zake. Zimwi mara chache ndilo lenye kosa. Woga hujengwa katika zile dakika ambazo zimwi halionekani: mchezaji anajua kuna kitu, hajui kiko wapi, na anajua atapoteza nini kikimfikia. Karibu kila dalili iliyo hapa chini inatokana na mojawapo ya hayo kukosekana, kwa hiyo unapokwama rudi kwayo kwanza.

Mifano ya mipangilio ni ya Godot 4, programu ya kutengenezea gemu, kwa sababu ni ya bure na inaendeshwa hata na laptopu ya mtumba. Anayetumia Unity au Unreal atapata vitu vilevile kwa majina mengine. Vipimo ni vya kuanzia. Vipandishe au uvishushe kulingana na utakachokiona kwa wachezaji wako.

Kabla ya kugusa chochote: umepimaje?

Majaribio mengi hufanyika mahali pasipofaa: kibanda cha pleisteshoni, saa nane mchana, watu sita wamesimama nyuma ya kiti na mmoja wao anapaza sauti "rudi, rudi, iko hapo!" Kundi hugawana woga mpaka unaisha, na kicheko chao ni pumzi tu inayotoka. Kibanda kitakuonyesha gemu inaganda wapi na kitufe gani hakieleweki. Kama inatisha au la, hakiwezi kukuambia.

Tafuta watu watano ambao hawajaiona kabisa. Acheze mmoja mmoja, usiku, chumba kikiwa na giza, hedifoni masikioni, nawe ukae nyuma asikokuona. Simu moja irekodi uso na mikono yake kutoka pembeni, na skrini irekodiwe pia. Piga kofi moja mwanzoni ili rekodi hizo mbili zilinganishwe baadaye. Usimwulize kama ameogopa. Kijana wa Kondele atakujibu hapana hata kama mgongo umelowa jasho. Hesabu vitendo: alisimama sekunde ngapi mbele ya mlango kabla ya kuufungua, aligeuza kamera nyuma mara ngapi bila kuitwa na sauti yoyote, aliacha lini kukimbia akaanza kutembea. Anayesimama sekunde nne mbele ya mlango usio na kitu anaogopa. Anayepita kila korido kwa kasi ileile haogopi, hata kama alipiga yowe mara mbili.

Mtu akishacheza sehemu fulani hafai tena kuipima. Usiwamalize wote watano siku moja: tumia wawili, rekebisha, kisha waite watatu waliobaki. Na stima ikipotea katikati ya jaribio, litupe jaribio hilo. Laptopu nyingi zikiingia kwenye betri hupunguza mwanga wa skrini na nguvu ya kadi ya michoro, kwa hiyo nusu ya pili itakuwa gemu nyingine.

Dalili: wanacheka zimwi likitokea

Anza na saa. Pima zimwi linakaa wazi kwenye skrini kwa muda gani mara ya kwanza. Likipita sekunde moja na nusu, jicho limeshalisoma lote, pamoja na ngozi ile ya modeli iliyopakuliwa bure. Kata ibaki nusu sekunde hadi sekunde moja, umbali usiopungua mita 12, taa ikiwa nyuma yake ili lionekane umbo jeusi tu. Au onyesha kipande: bega linalopita kwenye uwazi wa mlango, vidole vya miguu chini ya pazia. Uso wake uweke akiba hadi robo ya mwisho ya gemu, na kama gemu inaweza kuisha bila uso huo, afadhali.

Kisha tazama miguu. Kicheko kingi hutoka hapo: zimwi linasogea mita 3 kwa sekunde ilhali hatua zake zilichorwa kwa mwendo wa kutembea, basi linateleza kama aliyevaa soksi kwenye sakafu yenye nta. Hesabu yake ni rahisi. Mzunguko mmoja wa hatua mbili ukifunika mita 1.5 kwa sekunde 1.1, kasi halisi ni takriban mita 1.36 kwa sekunde. Ukitaka liende haraka kuliko hapo, ongeza kasi ya mchoro kwa uwiano uleule, lakini isizidi mara 1.3. Zaidi ya hapo chora mbio za kweli.

La tatu ni milango, na hapa kuna makosa mawili yanayochanganywa. Zimwi likitetemeka kwenye fremu ya mlango, maana yake ramani ya njia (inayoliambia zimwi linaweza kupita wapi) ilitengenezwa kwa mwili mwembamba (nusu kipenyo cha mita 0.3, tuseme) huku mwili wenyewe una mita 0.5: njia ipo, mwili haupiti. Likisimama katikati ya chumba likitazama ukuta, ni kinyume chake: ramani ilitengenezwa kwa mwili mnene kuliko mlango, kwa hiyo njia haipo kabisa. Linganisha namba hizo mbili, fanya mlango uwe na upana wa mita 1.3, kisha utengeneze ramani upya. Zimwi lililoonekana likihangaika na mlango mara moja halitatisha tena hadi mwisho wa gemu.

Dalili: wanaruka mara ya kwanza, mara ya tatu hawajali

Mshtuko wa sauti kali ya ghafla ni jambo la mwili: macho yanafumba na shingo inakaza kabla akili haijajua kilichotokea. Nao hufifia haraka ukirudiwa. Lakini mtu aliye gizani, au aliyekwisha kuingiwa na wasiwasi, hushtuka zaidi kwa sauti ileile. Ndiyo maana mlio mmoja baada ya dakika kumi za mashaka una nguvu kuliko milio mitano iliyofuatana.

Gemu ya saa moja inatosheka na mishtuko mitatu au minne. Futa iliyobaki. Kisha kagua kinachotangulia kila mmoja: kama daima kuna sekunde mbili za kimya kabla ya mlio, mchezaji amejifunza na ameshakaza mwili. Mpe kimya kama hicho mara mbili bila kutokea chochote, halafu mshtuko wa kweli uje katikati ya kelele za kawaida, wakati anapofungua droo au anaposoma barua.

Angalia pia kama umempa mapumziko. Left 4 Dead ya mwaka 2008 ilikuwa na mfumo uliofuatilia jinsi wachezaji walivyobanwa. Wakifika kilele, uliwaachia nafasi ya takriban sekunde 30 hadi 45 kabla ya kuanza kuwabana upya. Gemu ya polepole inahitaji nafasi ndefu zaidi, dakika mbili au tatu zenye taa na sauti ya kawaida ya nyumbani. Bila hiyo mchezaji huchoka, na uchovu ukiutazama kwenye rekodi unafanana sana na ujasiri.

Dalili: sauti ni kubwa lakini haina uzito

Hapa ndipo pa kutumia wiki nzima kama unayo, kwa maana mchezaji anaweza kukwepesha macho lakini masikio hayakwepeki.

Tuseme mngurumo wako una 60 Hz na unautetemesha mwili kwenye spika zako. Spika ya simu hudhoofika sana chini ya takriban 300 Hz, kwa hiyo mchezaji wa simu anasikia kimya kitupu mahali ulipoweka tetemeko. Kupandisha sauti hakusaidii. Mpe ngazi za juu za sauti hiyohiyo: mngurumo huo wa 60 Hz uwe pia na 120, 180, 240, 300 na 360 Hz, kila ngazi ikiwa dhaifu kuliko iliyotangulia. Sikio hujaza lenyewe ule msingi uliokatwa. Katika Audacity, programu ya kuhariri sauti, upotoshaji kidogo wa sauti huzalisha ngazi hizo. Kuthibitisha, kata kila kitu kilicho chini ya 250 Hz kisha usikilize. Ukibaki mzito, umefaulu.

Kosa la pili ni kila kitu kuwa juu. Sauti za mazingira zikikaa −14 dB (sifuri ndicho kilele) na mlio wa zimwi −6 dB, tofauti ni desibeli 8, na sikio linahitaji takriban 10 ili lihisi sauti imekuwa maradufu. Shusha mazingira hadi −32, nyayo ziwe kati ya −26 na −22, mlio mkubwa uwe −8, na kizuizi cha mwisho, kinachozuia sauti isipite kipimo, kikae −1. Mlio uanze kwa kishindo. Sauti inayopanda polepole kwa sekunde nzima haimshtui mtu hata ikiwa kubwa. Wala usiufanye uumize. Mchezaji akishapunguza sauti kwa kidole, ameondoka kwenye nyumba yako na hatarudi usiku huo.

Kosa la tatu ni mkanda unaojirudia. Nyenje wa sekunde 20 hugunduliwa kabla hata hawajazunguka mara ya nne. Tumia mikanda mitatu yenye urefu usiogawanyika, kwa mfano sekunde 47, 61 na 83: mchanganyiko wake unachukua saa 66 kabla ya kurudi ulipoanzia. Juu yake tupia sauti moja moja, kila baada ya sekunde 25 hadi 90, mbwa wa mbali, tawi, bundi. Kwa nyayo rekodi sampuli sita za kila aina ya sakafu, badilisha wembamba wa sauti zake kwa asilimia 4 juu na chini, na usikubali moja ipigwe mara mbili mfululizo.

Kuhusu mwelekeo: sauti ya 3D ya Godot kama ilivyo hugawanya kushoto na kulia, lakini kwenye hedifoni mbele na nyuma zinafanana. Kitu kilicho nyuma ya mchezaji kikatie masafa ya juu kuanzia 5 kHz kwenda juu, na ubongo utaanza kukiweka nyuma. Kilicho ng'ambo ya ukuta kikatie kuanzia 900 Hz na ukishushe desibeli 6 hadi 9. Mstari usioonekana wa kupima kama kuna ukuta kati ya sauti na mchezaji upigwe mara tano kwa sekunde; kuupiga kila fremu (kila picha moja ya skrini) ni kuchosha simu bure.

Kuna lingine ambalo halimo kwenye mipangilio. Silent Hill ya 1999 ilimpa mchezaji redio inayokoroma kiumbe kikikaribia. Redio ilisema "kipo" bila kusema "kiko wapi", na pengo hilo ndilo lililofanya kazi yote. Huku kwetu redio hiyo ipo bila kununuliwa: nyenje. Aliyelala kijijini anajua nyenje hunyamaza kitu kikipita kwenye majani. Wafanye wakatike kwa theluthi ya sekunde zimwi likifika mita 15 kutoka kwa mchezaji, na warudi polepole kwa sekunde 6 likiondoka. Mfundishe mapema mahali salama: mbuzi apite kwenye nyasi, nyenje wanyamaze, mbuzi atoke. Kuanzia hapo kimya kitamwongelesha.

Mvua juu ya mabati ifanyie kinyume. Irekodi kwenye mabati ya kweli, chini ya paa lisilo na dari, kwa sababu mvua zilizopakuliwa nyingi ni za vigae na lami. Ikianza kunyesha, inameza nyayo, nyenje na mlango. Dakika moja na nusu ya mvua inamnyang'anya mchezaji masikio yote uliyomfundisha kuyategemea, na unaweza kuipitisha bila zimwi kusogea hata hatua moja.

Dalili: "sioni kitu"

Giza na weusi mtupu ni vitu viwili. Skrini yenye rangi sifuri haifichi kitu, imezimwa tu. Mchezaji hana cha kudhania. Acha mwanga wa jumla wa asilimia 3 hadi 6, na uweke kitu chenye mwanga hafifu nyuma ya vitu vyeusi ili maumbo yaonekane nusunusu: dirisha, moto uliokufa, anga. Mwanzoni mwa gemu weka miraba kumi ya kijivu kuanzia asilimia 2 hadi 20, na umwambie mchezaji asogeze mwangaza mpaka mraba wa pili, ule wa asilimia 4, uonekane kwa shida. Bila hatua hiyo, simu yenye skrini hafifu na ile yenye skrini kali zitacheza gemu mbili tofauti.

Tochi ni chombo cha kuhesabu. Ikifika mita 9, fanya korido iwe mita 14. Zile mita 5 za mwisho ndizo unazouza. Mwanga uwe mwembamba (katika Godot pembe ya digrii 22 hadi 26, ambayo ni nusu ya koni) ili kingo za skrini zibaki na mashaka. Koroboi ni bora kuliko tochi kwa vyumba vidogo, maana humulika uso wa anayeishika na kuacha kila kilicho mbali. Yumbisha mwanga wake kwa nasibu, asilimia 8 juu na chini. Wimbi la kawaida linaonekana kama taa ya disko. Taa inayomweka isipite mara tatu kwa sekunde, kwa ajili ya walio na kifafa.

Kwa vifaa dhaifu, ukungu ni rafiki. Ukungu wa Silent Hill ulificha kwamba PlayStation haikuweza kuchora mbali, na ukawa ndio uso wa gemu. Katika Godot ukungu wenye ujazo hufanya kazi kwenye mtindo wa uchoraji wa Forward+ pekee; kwenye Compatibility, unaofaa simu za kawaida, tumia ukungu wa umbali.

Dalili: wamekariri njia za zimwi

Zimwi linalozunguka nukta nne kwa mpangilio mmoja ni askari wa zamu. Baada ya mizunguko miwili mchezaji anahesabu sekunde, na anayehesabu haogopi. Kosa la upande wa pili ni zimwi linalojua daima mchezaji alipo. Hilo nalo hugunduliwa, kwa sababu kujificha kunakuwa hakuna maana.

Alien: Isolation ya 2014 ilitatua hili kwa akili mbili. Moja inajua mchezaji alipo, lakini kazi yake ni kumpa kiumbe fununu ya eneo tu. Ya pili, ya kiumbe chenyewe, haijui kitu ila kile inachoona na kusikia. Kuna pia kipimo cha bughudha: mchezaji akibanwa vya kutosha, kiumbe kinaitwa kiondoke. Unaweza kutengeneza toleo dogo la mfumo huo kwa siku mbili. Kila sekunde 20 hadi 35, chagua nukta ya nasibu ndani ya mita 18 za mchezaji na ulitume zimwi huko. Hesabu sekunde linazokaa chini ya mita 10 kutoka kwa mchezaji. Zikifika 40, litume mbali kwa dakika moja na nusu. Masikio yake: hatua za kunyata zisikike mita 1.5, za kutembea mita 4, za kukimbia mita 12. Macho yake: pembe ya digrii 110, na likimwona mchezaji lichukue nusu sekunde kabla ya kugeuka. Nusu sekunde hiyo ndimo mchezaji anaposema "limeniona?", na swali hilo lina thamani kuliko kukamatwa kwenyewe.

Likifika kwenye nukta lisisimame kama mlingoti. Livute pazia, liinamie kitanda, lisikilize. Mchezaji aliye ndani ya kabati anahitaji kuona kwamba linatafuta.

Dalili: wanakasirika badala ya kuogopa

Tafuta mahali walipokufa mara tatu. Kifo cha kwanza kinatisha, cha pili kinafundisha, cha tatu kinageuza zimwi kuwa fumbo la hesabu. Amnesia: The Dark Descent ya 2010 haina silaha kabisa, na kiumbe kilichomuua mchezaji huweza kuondolewa au kuhamishwa anaporudi. Fanya vivyo hivyo: baada ya vifo viwili mahali pamoja, badilisha alipo zimwi au lipunguzie usikivu kwa theluthi.

Lakini kifo bila gharama nacho ni dawa ya usingizi. Kama gemu inajihifadhi kila mlango, mchezaji hana cha kupoteza. Resident Evil ya 1996 iliuza uhifadhi kwa utepe wa wino uliokuwa wa kuhesabika, na kila mtu aliyebeba dakika 20 za kazi isiyohifadhiwa alitembea polepole. Kwa gemu ya simu, ambayo hukatizwa na simu zinazoingia, dakika 5 hadi 8 kati ya vituo zinatosha. Gharama iweke kwenye vitu vingine: mafuta ya koroboi, viberiti, mwanga wa simu ya mhusika. Akiponea chupuchupu, apoteze kimoja. Kuponea kunatisha kuliko kufa.

Dalili: gemu inakwama kidogo, kisha zimwi linatokea

Mkwamo huo ndio king'ora chako. Kwa fremu 60 kwa sekunde, kila moja ina milisekunde 16.7; kupakia modeli na sauti wakati huo huchukua mamia. Pakia zimwi eneo linapofunguliwa, liweke chini ya sakafu likiwa limezimwa, na ulichore mara moja nyuma ya skrini ya kusubiri ili sheda zake (programu ndogo zinazopaka ngozi na mwanga wake) ziwe tayari.

Dalili: kila kitu kimekaa sawa na bado hawajali

Tazama nyumba yako. Je, ni jumba la ghorofa tatu lenye ngazi za mbao na sehemu ya kuotea moto? Mchezaji wa Nyalenda au wa Molo hajawahi kulala humo, hajui sauti yake ya kawaida, kwa hiyo hawezi kujua sauti isiyo ya kawaida. Kitu kigeni hakiogofyi kwa ugeni wake pekee. Kinachoogofya ni kitu cha kila siku kilichopinda kidogo.

Chukua hodi. Kila mtu anajua desturi: unabisha mara tatu, usipojibiwa unaenda zako. Mweke mchezaji ndani, saa nane usiku, mlango umekomewa. "Hodi." Sekunde saba. "Hodi." Sekunde saba. "Hodi." Kisha sekunde ishirini za nyenje, za kutosha kumfanya aamini mgeni ameondoka. Halafu hodi ya nne, sauti ileile, nguvu ileile, kutoka dirisha la nyuma. Hakuna modeli inayohitajika. Mpe kitufe cha kuitikia "Karibu" na usimwambie kitafanya nini.

Au wakimbiaji wa usiku, ambao Waluo huwaita jojuogi. Gemu nyingi zinazowajaribu huwageuza mizimu yenye makucha na kuharibu kila kitu. Katika simulizi wanarusha mawe na mchanga juu ya mabati, wanausukuma mlango kwa mgongo, wanakimbia. Uzito wake ni kwamba jajuok, yaani mmoja wao, ni jirani. Mchana anakusalimia, anakuuliza habari za watoto. Kwa hiyo sehemu ya mchana ya gemu ndiyo ya kutengeneza kwa makini: boma tano, watu wanane wenye sauti na mwendo wao, mmoja akichechemea kidogo. Usiku mchezaji akisikia hatua ya kuchechemea nyuma ya nyumba, anajua ni nani, na kesho yake asubuhi lazima akachote maji pamoja naye.

Nyawawa wanatoa umbali bila ramani. Roho hizo husemekana kupita kutoka upande wa ziwa, na watu hugonga sufuria, madebe na mabati ili zipite nyumba yao. Weka kelele hizo mita 400 kutoka kwa mchezaji, kisha boma la mita 250, kisha 120, kisha la jirani. Mchezaji anasikia kitu kinakuja kwa sauti ya watu wanaokifukuza. Sufuria iko jikoni, jikoni liko nje, nawe umempa sekunde 40.

Chukua kanuni, waachie watu mashujaa na mahali pao patakatifu. Kit Mikayi, miamba mikubwa ya Seme karibu na Kisumu, ni mahali ambapo watu huenda kusali mpaka leo. Kulifanya pango la mazimwi ni kuwakosea adabu, na wachezaji wa Seme watakuambia. Luanda Magere ni shujaa wa simulizi za Waluo. Lakini kanuni ya simulizi yake, mwili wa jiwe na udhaifu ulio kwenye kivuli, inaweza kumpa adui wa kubuni tatizo zuri la taa: mchezaji lazima atue koroboi chini na aiache ili kivuli kianguke panapofikika, na kuiacha koroboi ndicho kitu asichotaka kufanya. Menengai, volkano iliyo karibu na Nakuru, nayo ina mvuke unaosimuliwa kuwa roho za wapiganaji waliotupwa kwenye kreta yake. Hapo tumia mvuke wenyewe, unaofunguka na kufunga mwonekano kila sekunde 10 hadi 15, na huhitaji kumchora mpiganaji yeyote.

Ukitaka kipimo kimoja cha mandhari, jenga njia ya kwenda choo cha nje. Mita 30 kutoka mlangoni, mahindi ya mita 2 pande zote mbili, kona moja kwenye mita ya 18 ili mlango wa nyumba upotee machoni. Koroboi inayofika mita 4. Nyenje wa mikanda mitatu. Zimwi usiliweke kabisa. Waite wale watatu waliobaki, mmoja mmoja, usiku. Wakifika chooni kwa mwendo mmoja, kata mwanga hadi mita 3 na uwanyamazishe nyenje mara moja kwenye kona, kwa sekunde 5. Akisimama hapo na kugeuza kamera kuitafuta nyumba, usiongeze kitu kingine kwenye njia hiyo.